Asubuhi Senene Walipovunja Mstari

Vita vilipoanza nilikuwa darasa la sita, na ndiyo kwanza nilikuwa nimeteuliwa kiranja mkuu wa wasichana. Wenzetu wa la saba walikuwa wamekwisha kufanya mtihani na kwenda zao, ukiranja ukatushukia sisi tuliobaki. Siku ile nilirudi nyumbani nikitembea polepole, shingo imenyooka, kama niliyebeba mtungi uliojaa. Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi. Nilipompa habari aliniangalia kidogo, akasema kwa Kihaya kwamba kiranja au si kiranja, kuni hazijaletwa.

Shule yetu ilikuwa upande wa Ijumbi, wilayani Muleba, juu ya kilima, migomba na mibuni ikiizunguka pande zote isipokuwa ule unaotazama barabara. Mwalimu Mkuu wetu alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa kofia ya pama na baiskeli iliyofutwa vumbi kila siku. Alipenda mstari kuliko kitu kingine chochote. Tulipanga mstari kuingia darasani na kutoka, kunywa maji, kubeba samadi kupeleka kwenye mibuni ya shule. Asubuhi alisimama mwanzo wa mstari, akafumba jicho moja, akatazama kwa lile jingine kama fundi anayepima ukuta. Kisigino kilichojitokeza kiliitwa mbele.

Kila Jumatatu alitukumbusha sheria zake. Kuchelewa marufuku. Kusema Kihaya ndani ya uwanja wa shule marufuku. Kula ukitembea, kucheka mstarini, kukimbilia barabarani, yote marufuku. Na mwisho kabisa, akiinua kidole, alisema, "Na sababu hazisikilizwi. Sababu ni mtoto wa uvivu." Aliyekosa alichapwa kwa fimbo ya mpera. Sitasema alikuwa katili, maana hakuwa. Alichapa bila hasira, kama mtu anayegonga muhuri, kisha akasema, "Haya, kaa," na kosa lako halikutajwa tena mpaka unamaliza shule. Tulimwogopa, na nadhani tulijivuna kidogo kuwa na mwalimu wa kuogopwa namna ile.

Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya wasichana na kupiga kelele, "Mstari!" Mungu alikuwa amenipa sauti kubwa, na sidhani kama kulikuwa na sifa nyingine iliyonipatia cheo hicho.

Basi vita vikaja. Kwetu Muleba havikuja kwa risasi, vilikuja kwa watu. Walipita barabarani na magodoro kichwani, mbuzi wamefungwa kamba, kuku ndani ya vikapu, wakitoka ng'ambo ya Mto Kagera ambako majeshi ya Amini yalikuwa yameingia. Mchana mmoja lori likasimama mbele ya shule. Akashuka mwanamke mfupi, mnene, amevaa gauni la maua na mabuti ya mpira, na nyuma yake wakashuka watoto wa rika letu na wadogo zaidi. Kabla hajamsalimia mtu yeyote aliwageukia watoto na kuwaambia jambo kwa sauti ya chini. Wakajikung'uta vumbi, wakafungana vifungo, wakaja mbele yetu kundi zima, bila mstari wowote, wakasema kwa pamoja, "Shikamoo, Mwalimu. Hamjambo, wenzetu."

Mwalimu Mkuu alivua kofia. Sikuwahi kumwona akiivua kwa ajili ya watoto.

Yule mama alikuwa mwalimu mkuu wa shule iliyokuwa ng'ambo, na wale ni wanafunzi aliofanikiwa kutoka nao pamoja na familia zao. Familia zilipewa hifadhi katika ukumbi wa parokia, lakini ukumbi ulikuwa mdogo, kwa hiyo Mwalimu Mkuu aliomba kila nyumba yenye nafasi ipokee mtoto mmoja. Mama yangu alikuwa amekuja shuleni kuona lori. Hakusubiri maombi yaishe. Alimshika mkono msichana aliyekuwa karibu naye, mwembamba, mwenye mwanya, akasema, "Huyu ni wangu." Ndivyo nilivyopata mwenzangu wa kulala naye kitanda kimoja. Njiani kuelekea nyumbani nikamwuliza alikuwa darasa la ngapi.

"La sita," akasema.

"Mimi ni kiranja mkuu wa wasichana," nikasema, ili tuelewane mapema.

"Na mimi," akajibu.

Tukaendelea kutembea.

Kuanzia wiki ile shule yetu ikawa shule mbili ndani ya madarasa yale yale. Wao tuliwaita wa ng'ambo, na mwalimu wao tukamwita Mwalimu wa Ng'ambo, jina ambalo hata walimu wenzake walilizoea. Tulibanana wanne wanne kwenye madawati ya wawili. Hayo yalivumilika. Lililotutatiza ni kwamba wageni wetu walikuja na sheria zao, na hazikufanana na zetu. Kwao hakukuwa na fimbo. Kwao mtoto aliyepita mbele ya mtu mzima bila kumsalimia alikuwa amefanya kosa kubwa kuliko aliyechelewa. Kucha chafu zilikuwa kosa. Kumcheka mtu aliyefiwa, au aliyeanguka, au aliyevaa nguo ya kuazima, lilikuwa kosa kubwa zaidi ya yote. Lakini walisimama mstarini wakijikunja kama ushanga uliotupwa chini, na mwenzangu alipotaka watulie hakupiga kelele. Alishusha sauti. Kadiri alivyoishusha ndivyo walivyonyamaza ili wamsikie. Mimi nilikuwa nikipasuka koo pembeni yake, na nilimwonea wivu.

Walimu wakuu wawili wale waliheshimiana sana na hawakukubaliana karibu jambo lolote. Nakumbuka siku ya mahandaki. Tulikuwa tumechimba mahandaki nyuma ya madarasa, kwa agizo la serikali, ili ndege zikija tujifiche. Mwalimu Mkuu akatukusanya kwa ajili ya zoezi. "Filimbi ikilia," akasema, "darasa la kwanza litaanza kuingia, kwa mstari, bila kusukumana. Kisha la pili. Kisha la tatu."

Mwalimu wa Ng'ambo alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Samahani, Mwalimu Mkuu. Ndege haitungoji tupange mstari."

"Bila mstari wataumizana, Mama."

"Ni kweli. Na wakiwa kwenye mstari wataumizwa."

Mwalimu Mkuu alitafakari, akigeuza filimbi mkononi. Lazima niseme hili kumhusu, alikuwa mtu wa haki. "Basi tujaribu kote kuwili," akasema. "Kwanza kwangu, halafu kwako."

Tulipojaribu kwake, darasa la kwanza walikuwa wamekwisha kuketi handakini wakichezea udongo wakati sisi wa la sita tungali tumesimama juani, tumenyooka vizuri mno. Tulipojaribu kwa Mwalimu wa Ng'ambo agizo lilikuwa moja tu, kila mkubwa ashike mkono wa mdogo aliye karibu na wakimbilie handaki lililo karibu. Uwanja ulibaki mtupu mara moja. Mvulana mmoja alipoteza kiatu, na msichana wa la nne alimwangukia mwalimu wa kilimo kifuani, lakini sote tulikuwa ndani. Mwalimu Mkuu alichungulia handakini kutoka juu, akatuona tulivyorundikana.

"Kwa mahandaki tu," akasema. "Mambo mengine, mstari unabaki."

Ndege haikutujia hata siku moja. Lakini zoezi lile tulilipenda, na wadogo walikuwa wakituuliza kila asubuhi kama filimbi italia.

Kilichotushangaza zaidi kwa wa ng'ambo ni namna yao ya kuadhibu. Aliyekosa alikalishwa kwenye kigoda katikati ya darasa, wenzake wamemzunguka. Alieleza alichofanya. Kisha yeyote angeweza kumwuliza swali, na ilikuwa lazima ajibu. Hakuna aliyeruhusiwa kucheka, na hakuna aliyeruhusiwa kuyatoa nje yaliyosemwa. Mwisho Mwalimu wa Ng'ambo aliuliza, "Utalitengenezaje?" na mkosaji mwenyewe akataja atakachofanya. Sisi tuliposikia tulifurahi. Adhabu gani hiyo, ya kukaa? Viboko tulivijua, tukaona wenzetu wamelelewa kwa maziwa.

Kisha mvulana mmoja wa kwetu, mwenye mabega mapana na njaa isiyoisha, akala viazi vya mtoto wa ng'ambo. Kwa kuwa aliyeibiwa alikuwa wa kwao, Mwalimu wa Ng'ambo aliomba kesi ipelekwe kwao, na Mwalimu Mkuu akakubali. Yule mvulana alikwenda kwenye kigoda akitabasamu.

"Ulikuwa na njaa?" akaulizwa na msichana wa mbele.

"Hapana."

"Basi kwa nini ulikula?"

Akanyamaza. Wote wakangoja. Ndipo nilipoona kwamba kungojwa na darasa zima ni jambo zito.

"Vilikuwa vitamu?" akauliza mwingine, kwa upole kabisa, kana kwamba alitaka kujua tu.

"Kidogo."

"Unajua nani alivipika?"

"Mama yake."

"Nilipika mwenyewe," akasema aliyeibiwa. "Mama anaumwa miguu kwa kutembea."

Mvulana yule alianza kutokwa jasho. Maswali yaliendelea, madogo madogo, ya adabu, moja baada ya jingine, hadi akasimama na kumwambia Mwalimu wa Ng'ambo, "Mwalimu, naomba nichapwe tu." Na kabla hajajibiwa akatoka mbio kwenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu kuomba fimbo. Tulimwona kupitia dirishani akinyoosha mikono yote miwili. Mwalimu Mkuu alikuwa akisahihisha madaftari. Hakuinua hata kichwa. "Kosa lako liko kule," akamwambia. "Rudi."

Akarudi. Alichokitaja mwenyewe ni kwamba atampikia mwenzake viazi wiki nzima. Mama yake aliniambia baadaye, wakati tumekutana kisimani, kwamba alifikiri mwanawe amerogwa, maana hakuwa amewahi kugusa chungu. Siku ya kwanza viazi viliungua. Kufikia Ijumaa watoto walikuwa wakivizia vipande. Yule mvulana leo ana hoteli yake ya chakula pale Muleba mjini, na ukimkumbusha chanzo chake atakuambia kigoda kile kilikuwa cha moto.

Ikafika mwishoni mwa Novemba, na msimu wa senene ukaingia. Kwa yeyote asiyetoka Kagera nieleze kidogo. Senene ni panzi wa kijani au wa hudhurungi wanaoshuka kwa wingi majira ya mvua, mara nyingi alfajiri kukiwa na ukungu, wakatua kwenye majani na migomba. Kwetu ni chakula cha heshima. Wananyonyolewa mbawa na miguu, wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi. Wanaume ndio walikuwa wakila. Wanawake na watoto wa kike tulikamata, tukanyonyoa, tukakaanga, na bibi yangu alishika katazo hilo kwa uaminifu mkubwa ingawa alisimamia sufuria hadi wa mwisho aive. Mume aliyekamatiwa senene wengi alipaswa kumnunulia mkewe nguo. Hivyo msimu ule ulikuwa na faida kwa kila mtu isipokuwa shule. Watoto walianza kuchelewa. Walikuja miguu imeloa umande, mbawa zimenasa nyweleni.

Asubuhi ninayoisimulia ukungu ulikuwa mzito hadi hatukuiona barabara. Tulikuwa mstarini, sote, wenyeji na wa ng'ambo, na Mwalimu Mkuu, kofia kichwani, alikuwa akizungumzia jambo hilo hilo la kuchelewa.

"Senene ni mdudu," alisema. "Mdudu hawezi kuishinda shule."

Senene mmoja akatua kwenye ukingo wa kofia yake.

Hakumwona. Sisi tulimwona. Akaendelea kusema habari za wajibu, na wa pili akatua begani mwa mtoto wa darasa la kwanza, na wa tatu kwenye kamba ya bendera, kisha ukungu wenyewe ukaanza kufanya sauti, sauti ya mbawa nyingi kavu, na wakaanza kuanguka kila mahali, kwenye majani, kwenye bati, ndani ya kola zetu. Mtoto yule wa la kwanza alivumilia alivyoweza, kisha akapasua sauti, "Zagwa!" Maana yake wameanguka. Kwa neno moja alivunja sheria mbili, ya kunyamaza mstarini na ya kutosema Kihaya.

Mstari ukatetemeka. Nikapiga kelele, "Mstari!" kwa nguvu zangu zote. Upande wa pili mwenzangu akashusha sauti, "Tulieni." Hatukusikika, si yeye wala mimi. Shule nzima ilitawanyika kama maharage yaliyomwagika, wavulana wakivua mashati, wasichana wakikunja sketi kuwa mifuko, mwalimu wa kilimo akitoka ghalani na ndoo ya samadi. Mimi nilibaki mahali pangu nikipigia kelele majani. Nilikuwa karibu kulia. Cheo changu chote kilikuwa kimekimbilia kwenye mibuni.

Mwenzangu akanijia. Alikuwa amevua sweta lake na kulifunga mikono. "Shika upande huu," akasema.

"Sisi ni viranja."

"Najua. Shika."

Nikashika. Tulikimbia pamoja kwenye nyasi zilizolowa tukilitandaza sweta na kulifunga, na nilisikia mtu akicheka kwa sauti kubwa, nikatambua ni mimi.

Kengele ilipogongwa tulirudi taratibu, mifuko yetu ikitembea yenyewe. Mwalimu Mkuu alisimama mbele ya ofisi. Suruali yake ilikuwa imeloa hadi magotini. Alitutazama muda mrefu, akasema kwamba shule nzima itachapwa. Halafu nadhani alihesabu kichwani, maana aliutupia jicho mti wa mpera, nao ulikuwa mdogo.

"Mwalimu Mkuu," akasema Mwalimu wa Ng'ambo, "naomba wakae kigodani."

"Shule nzima, Mama? Kigoda kimoja?"

"Tukae chini wote. Kigoda kiwekwe katikati, anayeulizwa ndiye akikalie."

Alikubali. Tulikaa duara kubwa uwanjani, ukungu ukianza kuinuka, na Mwalimu Mkuu akaletewa kiti chake cha ofisini pembeni. Wa kwanza kuitwa nilikuwa mimi. Kigoda kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani. Niliulizwa kwa nini sikuwazuia, nikasema nilipiga kelele. Nikaulizwa kama kelele zilisaidia, nikasema hapana. Nikaulizwa nilikamata wangapi. Nikasema sijui, walikuwa kwenye sweta. Mwenzangu naye alikaa, akaulizwa yake. Watoto walianza kuzoea, mikono ikainuka huku na huku.

Ndipo yule mdogo wa darasa la kwanza, aliyepiga ukelele, akasimama. "Nataka kumwuliza Mwalimu Mkuu," akasema.

Hata senene mifukoni walinyamaza. Mwalimu wa Ng'ambo alisema polepole kwamba kwa kanuni za kigoda anayeulizwa hujibu, lakini Mwalimu Mkuu ni mwenyeji wetu, na itakuwa kwa hiari yake.

Mwalimu Mkuu aliinuka. Akatembea hadi katikati, akakaa. Kwa urefu wake magoti yalimfika karibu na kidevu.

"Uliza," akasema.

"Kofia yako iko wapi?"

Hapo ndipo sote tulipoona kwamba alikuwa kichwa wazi.

"Iko ofisini."

"Ina nini?"

Akamtazama Mwalimu wa Ng'ambo. Yeye alikuwa akiangalia mabuti yake kwa makini sana.

"Ina senene," akasema Mwalimu Mkuu.

Kucheka kulikatazwa. Nakumbuka mashavu ya watoto wa shule nzima yamevimba, macho yanatoka machozi, na hakuna aliyetoa sauti.

"Wengi?"

"Imejaa."

Yule mvulana wa viazi akanyoosha mkono. Aliuliza swali alilokuwa ameulizwa yeye, na aliliuliza kwa upole ule ule. "Mwalimu, kwa nini uliwakamata?"

Mwalimu Mkuu aliweka mikono juu ya magoti. Kisha akasema, "Baba yangu ni mzee sana. Haoni vizuri. Msimu ukifika anakaa mlangoni kila asubuhi anauliza kama wameanguka. Senene wa kwanza wa mwaka humpelekea mimi. Nimekuwa nikimpelekea tangu nikiwa mdogo kama huyu." Akamwonyesha yule wa la kwanza. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Hiyo ni sababu. Nimeisema, nanyi mmeisikiliza."

Mwalimu wa Ng'ambo alimwuliza, kama alivyomwuliza kila mtu, "Utalitengenezaje?"

"Vipindi vilivyopotea vitafundishwa Jumamosi," akajibu. "Nitakuja mimi mwenyewe. Na senene wetu tutagawana na wenzetu walioko kwenye ukumbi wa parokia, ambao hawana mahali pa kukamatia." Akainuka, akajifuta suruali. "Walio ndani ya kofia hawamo kwenye mgawo huo," akasema, na ndipo Mwalimu wa Ng'ambo mwenyewe alipovunja kanuni yake. Alicheka hadi akashika bega la mwalimu wa kilimo, na sote tukaachia.

Jioni hiyo senene walikaangwa nyuma ya parokia kwenye sufuria kubwa. Mwalimu wa Ng'ambo alichota kiganja kizima, akatafuna mbele ya wanaume. Mzee mmoja akashangaa. "Hata kwetu tulikatazwa," mwalimu yule akamwambia. "Siku nilipovuka mto na njaa, katazo lilibaki kule." Mwenzangu alikuwa ananitazama. Nilikula mmoja, kisha mwingine. Walikuwa na ladha ya chumvi na moshi. Nyumbani bibi alininusa mdomo, akageukia ukutani, na nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu Mkuu alisoma sheria zake kama kawaida, na mwishoni akaongeza mpya. "Senene wakianguka kabla ya kengele, ruhusa. Wakianguka baada ya kengele, tutaona." Fimbo hakuiacha. Lakini alianza kumwuliza mtoto, "Sababu?" kabla ya kuinyanyua, na mara nyingine alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa kuelewa, kisha akachapa vile vile. Kigoda nacho kilibaki. Kila Ijumaa darasa moja lilikuwa na zamu yake, wa kwetu na wa ng'ambo tukiwa tumechanganyika, na sikumbuki tena ni nani alikuwa wa upande gani kwenye kesi zile.

Wageni wetu walikaa hadi mwaka uliofuata, vita vilipokwisha kuhamia mbali na njia ya kurudi kwao ikafunguliwa. Lori lilikuja asubuhi. Mama alimfungia mwenzangu kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba, ile anayopewa mgeni wa heshima, na ndizi za njiani, na gauni langu moja ambalo sikuwa nimeombwa. Tulisimama kando ya lori.

"Ukiwa na watu wakaidi," akaniambia mwishowe, "shusha sauti."

"Na wewe wakiwa mbali," nikamwambia, "piga kelele."

Wote wawili tuliishia kuwa walimu. Yeye alirudi kufundisha ng'ambo, mimi nikapangiwa shule moja upande wa Maruku. Miaka hiyo ugonjwa wa Ukimwi ulikuwa umekwisha kuingia majumbani mwetu, na katika kila darasa kulikuwa na watoto waliobaki na bibi, au waliobaki wenyewe. Kama tungeendelea kuhesabu waliochelewa tu, tungewaadhibu wale wale kila siku. Nilikuwa na msichana wa la sita ambaye hakuwahi hata siku moja kufika kabla ya kengele. Nilimketisha nikamwuliza, akanieleza bila kulalamika kwamba asubuhi anawaogesha wadogo zake, anawapikia uji, anawapeleka kwa jirani, kisha anakuja mbio.

Walimu tulizungumza ofisini, tukabadilisha ratiba. Darasa lake likawekewa kuimba kuwa kipindi cha kwanza, maana ndicho kipindi ambacho mtu angeweza kujiunga katikati bila kupitwa na hesabu wala Kiswahili. Naye alikuwa na sauti nzuri sana. Alipofika kwenye migomba iliyo chini ya shule alikuwa akitusikia, na aliianza sehemu yake huko huko, akipanda kilima, mikono ya sweta ingali imeloa maji ya kuogeshea watoto. Darasa zima lilimsikia kabla halijamwona, likaongeza sauti kumpokea.